Kufunga 2JZ-GTE kwenye Soarer ya zamani, kwa hesabu za Mbeya

Toyota Soarer ya kizazi cha Z30, iliyotengenezwa kuanzia 1991 hadi 2000, ni gari la milango miwili lililojengwa kwa heshima. Ukiikuta imeegeshwa nyuma ya gereji pale Soweto au Uyole hapa Mbeya, matairi yamekaa chini na vumbi limejaa kwenye kioo, mara nyingi bodi bado ni nzima na viti bado vinakalika. Kilichokufa ni injini, na kwa kawaida imekufa kwa kuchemka. Mwenye nayo hukata tamaa, akaanza kuiuza vipande vipande. Mimi naona hiyo ni hasara kubwa. Gari hili linastahili kurudi barabarani, na kama injini inatafutwa upya, basi itafutwe yenye nguvu zaidi ya ile ya kwanza.

Mwongozo huu unahusu kazi moja: kutoa injini ya 2JZ-GE isiyo na turbo (feni inayozungushwa na moshi wa eksozi ili kuisukumia injini hewa zaidi) kwenye Soarer na kufunga injini ya 2JZ-GTE yenye turbo mbili, iliyotoka kwenye Toyota Aristo. Maelezo mengi ya kazi hii yameandikwa na watu wanaoishi usawa wa bahari. Sisi Mbeya mjini tuko kwenye mita 1,700 hivi, Iringa na Njombe nako ni juu, na urefu huo unagusa karibu kila kipimo utakachosoma kwenye kitabu cha gari.

Presha ya hewa hapa ni karibu asilimia 82 ya ile ya Dar es Salaam. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu karibu kwa kiasi hicho hicho. Ile 2JZ-GE iliyoandikiwa nguvu za farasi 225 kiwandani, hapa inafanya kazi kama ya 185 hivi, na ndiyo maana mtu anaipandisha Isyonje akidhani giaboksi inateleza. Turbo inarudisha sehemu kubwa ya hewa hiyo iliyokosekana. Kwa mtu wa nyanda za juu, turbo ina maana kuliko kwa mtu wa pwani.

Ujue kwanza ulichonacho

Fungua boneti usome kibati cha gari. JZZ30 ilitoka kiwandani na 1JZ-GTE ya lita 2.5 yenye turbo. JZZ31, iliyoanza 1994, ndiyo yenye 2JZ-GE ya lita 3. Zinazoanza na UZZ zina V8 ya lita 4, 1UZ-FE, na kwa hizo maelezo haya hayafai, kwa sababu mauntingi na nyaya ni habari nyingine kabisa. Nazungumzia JZZ31.

Kabla ya kununua hata nati moja, lala chini ya gari. Angalia kutu kwenye reli za chesisi, sehemu zinakofungwa mikono ya mbele, na sakafu ya buti. Angalia kama pua imewahi kugongwa na kunyooshwa. Bodi iliyopinda usiiwekee injini ya maana.

Kuchagua injini

Hapa ndipo watu wanapigwa. Herufi zina maana: G ni hedi ya kamshafti mbili iliyotengenezwa kwa ajili ya nguvu, T ni turbo, E ni nozeli za umeme. Kwa hiyo GE haina turbo, GTE inayo. Muuzaji atakuonyesha 1JZ-FSE ya Mark II au Crown akuambie "ni JZ hiyo hiyo". Ile ni ya kupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, ina pampu yake ya presha kubwa, na haina uhusiano wowote na kazi hii.

Nachagua 2JZ-GTE ya Aristo JZS147, ile ya 1991 hadi 1997. Sababu ni tatu. Bloku yake ina kimo kile kile cha 2JZ-GE unayoitoa, 86 kwa 86 milimita ndani ya silinda, kwa hiyo mauntingi na nafasi chini ya boneti havikupi shida. Haina VVT-i (mfumo wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka) wala throto (mlango wa hewa ya injini) ya umeme, kwa hiyo nyaya ni chache kuliko za Aristo ya baada ya 1997. Na ujazo ni ule ule, cc 2,997, jambo litakalokusaidia kwenye karatasi. Kiwandani iliandikiwa nguvu za farasi 280, na mzunguko wa kuvuta wa Nm 430 na zaidi kidogo. Wanaosifia nguvu 600 na 700 wamebadilisha turbo, nozeli, kompyuta na vingine vingi; achana nao kwa sasa. Hizo 280 zikifika kwenye magurudumu ya nyuma zikiwa na afya, utaiheshimu hiyo gari.

Usinunue injini tupu. Nunua gari lililokatwa nusu, pua yote kuanzia bampa hadi dashibodi, ili upate kompyuta, waya mzima usiokatwa, boksi ya kuchoma plagi, relei, intakula (kipozeo cha hewa ya turbo) na mabomba yake, na giaboksi yake ya otomatiki. Ukinunua Ilala au Gerezani ikapandishwa lori hadi huku, piga picha kila kitu kabla hakijafungwa kwenye turubai, pamoja na namba ya injini. Vitu vidogo hupotea njiani, na kitu kidogo kwenye injini hii kinaweza kukulaza mwezi.

Kuhusu fedha, nina msimamo mmoja. Kama bei ya injini inamaliza zaidi ya nusu ya ulichoweka akiba, subiri. Rejeta, pampu ya mafuta, breki, mabomba ya mpira na kazi ya fundi umeme vitakula nusu nyingine bila huruma.

Kuipima kabla ya kulipa

Fungua kifuniko cha oili, angalia ndani kwa tochi. Rangi ya asali iliyokolea ni sawa; tope jeusi linalong'ang'ania kidole ni dalili kwamba oili haikubadilishwa kwa wakati. Toa bomba la hewa mbele ya turbo, shika shafti kwa vidole viwili. Kucheza kidogo upande hadi upande kunaruhusiwa, lakini kusogea mbele na nyuma hapana. Turbo za soko la Japani kwenye injini hii zina gurudumu la eksozi la kauri, na hilo likikatika kwa joto au presha iliyozidi, halirudi.

Kisha kompresheni, yaani presha ya silinda inapobana hewa. Ng'oa plagi zote sita, fungua throto yote, betri iwe imejaa, zungusha injini kwa stata hadi mshale wa geji uache kupanda. Kitabu cha Toyota kinasema injini nzima isome karibu psi 156, chini kabisa 128, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi 14. Namba hizo ni za usawa wa bahari. Geji ikisomwa Mbeya, injini ile ile nzima itasoma karibu 128, kwa sababu hewa inayobanwa ni nyepesi tangu mwanzo. Nimeona injini nzuri zikikataliwa hapa kwa sababu fundi alisoma kitabu bila kukumbuka yuko wapi. Na kinyume chake pia: injini iliyopimwa Dar ikasoma 128 sawa sawa, hiyo imechoka. Muulize muuzaji amepimia wapi.

Kinachobaki kweli popote ulipo ni usawa. Silinda tano zikisoma 126, 128, 127, 125, 128 na moja ikasoma 100, weka kijiko kimoja cha oili kwenye tundu la plagi ya hiyo moja, pima tena. Ikipanda, pete ndiyo zimeisha. Isipopanda, ni valvu au gasketi.

Karatasi

Kadi ya gari imeandikwa namba ya injini. Ukibadilisha injini na kadi ikabaki na namba ya zamani, siku ya kukaguliwa, kuuza au kudai bima utakuwa na kesi ya kueleza. Dai risiti ya injini na nyaraka za kuingizwa kwake nchini siku ile ile unayolipa, kisha peleka mabadiliko TRA, gari likaguliwe na mkaguzi wa magari wa polisi. Kwa kuwa ujazo haujabadilika, kinachobadilika ni namba peke yake. Waambie na watu wa bima. Ni haki yao kujua gari walilokatia bima sasa lina turbo.

Kutoa ya zamani

Tenganisha betri, mwaga maji, oili na gesi ya AC kwa mtu mwenye mashine yake, toa rejeta, toa boneti. Injini na giaboksi vitoke pamoja, ni rahisi kuliko kuvitenganisha ndani ya gari. Mzigo wote unazidi kilo 200 kwa mbali. Tumia krini ya gereji au cheni bloku iliyofungwa kwenye chuma kilichochomelewa kwa kazi hiyo. Tawi la mparachichi usilitegemee hata kama limewahi kubeba nyingine.

Usitupe chochote cha 2JZ-GE mpaka gari jipya liwe linatembea. Sensa ya joto inayosomesha geji ya dashibodi, kwa mfano, ihamishie kwenye injini mpya, kwa sababu ndiyo inayoelewana na geji ya Soarer. Bakuli la oili, mabano ya mauntingi na kompresa ya AC, weka ya zamani na mpya sakafuni bega kwa bega, linganisha tundu kwa tundu, uchague inayokaa kwenye chesisi yako. Ukibadilisha bakuli, hakikisha njia ya oili kurudi kutoka kwenye turbo ipo na iko wazi.

Injini ikiwa bado chini, badilisha belti ya taimingi na tensha yake, wota pampu, sili za mbele na nyuma za kranki, thermostati, gasketi za kava za valvu, na mabomba yote madogo ya maji yanayoingia kwenye turbo. Belti ya Toyota ni ya kilomita 100,000 na wewe hujui iliyopo imetembea ngapi. Kazi inayochukua mchana mmoja injini ikiwa kwenye stendi, itakuchukua siku mbili ikiwa ndani.

Kuiingiza

Shusha polepole, mtu mmoja juu akiongoza cheni, mmoja chini akiongoza giaboksi. Funga mauntingi kwa mkono kwanza, zote zikiwa zimekaa ndipo ukaze. Pima propela shafti kabla ya kuifunga: urefu wake ukiwa hauendani na giaboksi ya Aristo, ipeleke ikakatwe na kubalansiwa.

Kuna jambo moja ambalo magari yetu ya usukani wa kulia yanalo. Kwenye JZ, eksozi na turbo ziko upande wa kulia wa injini, upande ule ule wa shafti ya stelingi na silinda kuu ya breki. GE haikuwa na joto la namna hiyo pale. Weka ngao ya bati kati ya turbo na mabomba ya breki, vingirisha bomba la eksozi kwa kitambaa cha kuzuia joto, na usogeze waya wowote ulio karibu. Fanya hivi hata kama fundi ana haraka.

Nyaya na kompyuta

2JZ-GE ya JZZ31 isiyo na VVT-i inachoma plagi kwa distributa. GTE haina, ina koili sita, moja kwa kila plagi, na boksi yake ya kuziamrisha. Kwa hiyo usijaribu kulazimisha waya wa zamani. Tumia waya wa Aristo kwa injini na giaboksi, kisha uunganishe na waya wa Soarer pale tu panapohitajika: umeme wa swichi, stata, pampu ya mafuta, taa ya kuchaji, geji, na ishara ya spidi. Tafuta michoro ya magari yote mawili, ichapishe, na uweke alama kwenye kila waya uliokwisha kuunganishwa. Viungo viunganishwe kwa risasi na kuvikwa mpira unaojikaza kwa joto. Waya uliosokotwa kwa mkono na kufungwa tepu utakaa salama kiangazi chote, halafu mvua za Machi zikianza gari litaanza kukosa silinda moja bila sababu inayoonekana.

Fungua boksi ya kompyuta kabla hujaifunga. Kompyuta za Toyota za miaka ya 1990 zina kapasita zinazovuja. Utaona doa la kahawia chini ya kile kijungu kidogo, na ukiinusa inanuka kama samaki. Fundi mzuri wa redio anaweza kuzitoa zote na kuweka mpya, na bei yake ni ndogo ukilinganisha na kununua kompyuta nyingine. Kompyuta hiyo hiyo ndiyo inayoendesha giaboksi, kwa hiyo ikiugua utalaumu giaboksi bure.

Rudisha waya wote wa ethi: injini kwenda bodi, bodi kwenda betri, hedi kwenda ukuta wa bati ulio kati ya injini na dashibodi. Safisha hadi chuma kiwe cheupe.

Pampu ya mafuta ndani ya tanki ni ya injini isiyo na turbo. Badilisha. Petroli ikipungua turbo zikiwa zinasukuma, pistoni zinayeyuka, na hutasikia kitu mpaka imekwisha.

Maji, ambako injini nyingi huku zinafia

Maji matupu Mbeya huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Thermostati ya JZ inaanza kufunguka kwenye 82. Kama kifuniko cha rejeta hakishiki presha, una nyuzi 12 tu kati ya hali ya kawaida na kuchemka. Kifuniko kizima cha bar 0.9 kinasogeza mchemko hadi karibu 115. Kitu kidogo hicho ndicho kinachotenganisha injini iliyopanda Kitonga salama na ile iliyoachwa pembeni ikitoa mvuke. Nunua kipya, kizuri. Tumia kulanti iliyochanganywa na maji safi nusu kwa nusu.

Usikubali thermostati ing'olewe. Mafundi wengi wanaitoa wakisema nchi zetu ni za joto. Mbeya mwezi wa Juni na Julai si nchi ya joto. Injini isiyofika joto lake inaendelea kumwagiwa petroli nyingi kama ya kuwashia asubuhi, oili inachafuka, na silinda zinalika. Tena bila thermostati, maji mengine hupita njia ya mkato yakarudi kwenye injini bila kufika kwenye rejeta.

Rejeta iwe mpya au iliyofunguliwa na kusuguliwa ndani. Kava la feni lirudi mahali pake, kwa sababu bila hilo feni inazungusha hewa ile ile. Intakula isizibe uso wote wa rejeta. Pembeni ya bampa panatosha kwa presha ya kiwandani. Ukijaza maji, egesha gari pua ikiwa juu, kwenye mwinuko wowote, na huku hatukosi mwinuko. Washa hita, acha hewa itoke hadi mapovu yaishe.

Breki kabla ya kuwasha

Najua unatamani kusikia injini. Fanya breki kwanza. Gari hili lina uzito wa tani moja na nusu na zaidi, na sasa litafika juu ya mlima likiwa na mwendo ambao halikuwahi kuwa nao. Diski ziwe na unene unaoruhusiwa, pedi nzuri, mabomba ya mpira mapya, na oili ya breki mpya ya DOT 4. DOT 4 mpya huchemka kuanzia nyuzi 230, lakini ikishanyonya unyevu inashuka hadi 155. DOT 3 iliyozeeka inafika 140. Ukiteremka kutoka Tukuyu kwenda Kyela ukiwa umekanyaga breki muda wote, joto hilo linafikiwa, na pedali inazama. Badilisha oili hiyo kila mwaka. Na otomatiki ishushwe gia kwa mkono kwenye mteremko, Kitonga, Mlima Nyoka, Iwambi, kote.

Kuwasha

Toa fyuzi ya nozeli na soketi za koili. Mimina oili kidogo kwenye mdomo wa bomba la oili la turbo. Zungusha stata kwa vipindi vifupi hadi taa ya oili izime. Rudisha kila kitu, fungua swichi bila kuwasha, kagua petroli isivuje kwenye nozeli. Ndipo uwashe. Usipandishe rpm. Mtu mmoja akae na macho kwenye geji ya joto, mwingine chini ya gari na tochi. Moshi mweupe wa mwanzo ni mabaki ya oili yanayoungua na unyevu unaokauka kwenye eksozi. Ukiendelea na unanuka utamu, zima, kulanti inaingia ndani.

Presha ya turbo hapa na pwani

Weka geji ya presha ya turbo ndani ya gari. Geji inasoma juu ya hewa iliyopo. Ikisoma 0.7 Mbeya, ndani ya injini kuna jumla ya bar 1.5 hivi, 0.82 ya hewa yetu na 0.7 ya turbo. Ikisoma 0.7 hiyo hiyo Dar, jumla ni 1.7. Sasa kijana akiipandisha Mbeya hadi geji isome 1.0, gari litakwenda vizuri, kompyuta haitalalamika, naye ataamini amefaulu. Akishuka Dar kwa harusi, jumla inafika 2.0. Kompyuta ya kiwandani inaweza kukata petroli ghafla gari likiwa katikati ya kulipita lori, na kama mtu amekidanganya hicho kizuizi, injini inaweza kunoki, yaani petroli kuwaka vibaya na kugonga pistoni. Kumbuka pia injini hii ilipangiwa petroli ya oktani ya juu ya Japani, inayokaribia 100, na pampu zetu hazitoi hiyo.

Kwa hiyo acha presha ya kiwandani. Kama lazima uipandishe, ipangwe ukiwa mahali pa chini kabisa pa safari zako, Kyela au Dar, siyo hapa juu.

Kilomita za kwanza

Anza na barabara ya kawaida mjini, kisha Uyole hadi Isyonje na kurudi, ukisimama juu kuangalia maji na kuvuja. Ukishapanda mlima kwa nguvu, acha injini iungurume taratibu dakika moja au mbili kabla ya kuzima, turbo zipoe. Baada ya hapo shuka Igurusi na Chimala ambako barabara imenyooka, usikilize giaboksi inavyobadilisha.

Kilomita 500 zikifika, mwaga oili, kata filta kwa msumeno, tandaza karatasi yake juani. Chembe chache zinazong'aa zinavumilika. Vipande vinavyohisika kwa ukucha ni beringi. Kaza tena boliti za manifoldi ya eksozi injini ikiwa imepoa, na klipu zote za mabomba ya turbo. Badilisha oili tena kwenye 1,500, na baada ya hapo kila 5,000.